Kioo Kisicho na Maneno

Jicho la Benard liliharibika siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, na kufikia saa nane mchana hospitali nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba aliyeliharibu ni Sista Sidi.

Sidi Kadenge alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika thieta ya hospitali hiyo ya macho, kisiwani Mombasa. Alikuwa amefanya kazi na madaktari wanane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandikia barua ya onyo. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi kazini. Daktari akinyoosha mkono, kifaa kilikuwa kimekwisha kufika kiganjani kabla hajakitaja. Wauguzi wapya walipelekwa kwake wajifunze, nao walimwogopa wiki ya kwanza, kisha wakawa hawataki kufanya kazi na mwingine.

Mashine mpya ililetwa mwezi wa Januari. Miaka yote madaktari walikuwa wakiinamia hadubini ya zamani, macho kwenye matundu yake, shingo zikiwauma. Hii mpya haikuwa na tundu la kuchungulia. Kamera iliyoning'inia juu ya mgonjwa ilichukua picha ya jicho na kuionyesha kwenye televisheni kubwa, na daktari, akiwa amevaa miwani maalumu, alipasua huku akitazama mbele, mgongo umenyooka. Kando ya muuguzi palikuwa na kioo kingine kidogo, ukubwa wa sinia la chai, na mashine yote iliongozwa kwa kukigusa kioo hicho: kuvuta picha karibu, kuongeza mwanga, kupunguza mwanga, kuigeuza picha juu chini. Huko kugeuza picha kulihitajika katika upasuaji wa nyuma ya jicho tu, ambako lenzi fulani huionyesha picha kichwa chini. Kwa mtoto wa jicho, ambao ndio upasuaji wanaoufanya kila siku, hakukuwa na haja nako hata kidogo.

Kioo hicho hakikuwa na neno hata moja. Kilikuwa na alama tu. Ya kupunguza mwanga ilikuwa duara dogo lenye mshale unaoshuka. Ya kugeuza picha ilikuwa duara dogo lenye mshale unaozunguka. Zilikaa bega kwa bega, zote za kijivu, kila moja si kubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Sidi aliziona siku ya kwanza na akasema. Alimwambia Bramwel, mtu wa kampuni iliyoiuza mashine, aliyekuja kuwafundisha, kwamba vitufe hivyo viwili vitakuja kuchanganywa. Bramwel alitabasamu akasema mkono utazoea.

Jumanne hiyo aliyelala mezani alikuwa Benard, dereva wa kreni bandarini Kilindini, mwanamume wa miaka hamsini na miwili ambaye mtoto wa jicho ulikuwa umeanza kumfanya aone kontena moja kama mawili. Aliyempasua alikuwa Daktari Abdulghafur, mtu wa Mji wa Kale, mpole, ambaye hata akikasirika husema tafadhali. Taa za chumba zilikuwa zimezimwa. Kioo kidogo kilikuwa kimefunikwa nailoni iliyotakaswa, ili Sidi aweze kukigusa bila kuchafua glavu zake. Kazi ilikuwa imefika katikati, chombo cha kuvunjia lenzi kimo ndani ya jicho, na mwanga ukawa mkali mno.

"Punguza mwanga, Sista, tafadhali," Daktari akasema.

Sidi akanyoosha kidole. Nailoni ilikuwa imejikunja pale pale juu ya vitufe. Akagusa, na picha kwenye televisheni ikapinduka, juu ikawa chini. Mkono wa Daktari, uliokuwa ukifuata kile macho yake yalichokiona, ukasogea kinyume, kiasi cha upana wa punje ya mchele, kisha ukaganda. Sidi akagusa tena papo hapo kuirudisha picha. Hapo ndipo mashine, ambayo haikuwa imemuuliza kitu wakati wa kuipindua, ilipotoa swali la Kiingereza la mistari mitatu katikati ya picha, ikitaka kujua kama kweli anataka kubadili mwelekeo. Akalisoma, akatafuta pa kukubali, akakubali. Zilipita sekunde sita. Picha iliporudi sawa, kifuko chembamba kinachoishika lenzi kilikuwa kimechanika, na kipande cha lenzi kilikuwa kikizama nyuma ya jicho.

Hakuna aliyepiga kelele. Daktari alifanya yote aliyoweza kufanya siku hiyo, akalifunga jicho bila kuweka lenzi mpya, na Benard akapelekwa wodini akiwa hajui kitu.

Kamati iliketi Ijumaa. Mkurugenzi, Bwana Ronny, alikaa mbele, metroni Jacinta kushoto kwake, na Bramwel alikuja kwa ndege ya asubuhi kutoka Nairobi akiwa na ripoti ya kurasa mbili iliyokwisha kupigwa chapa. Mashine ilikuwa imekaguliwa, ripoti ilisema, na ilikuwa inafanya kazi sawasawa kama ilivyobuniwa. Kilichotokea kilikuwa kosa la mtumiaji.

Sidi aliomba kusema. Alieleza habari ya nailoni, giza, alama mbili zinazofanana, na lile swali. Alieleza kwamba aliyasema haya Januari. Bramwel alisikiliza kwa adabu nyingi, kisha akasema kwamba mashine hiyo hiyo inatumika katika nchi nyingi na malalamiko kama hayo hayajafika kwao. Metroni aliandika. Mkurugenzi aliuliza kama daktari ana la kuongeza.

Daktari Abdulghafur alikuwa akiitazama meza. Alisema Sista Sidi ni muuguzi hodari, na kwamba lilikuwa jambo la kusikitisha. Akaishia hapo.

Hilo ndilo lililomkata Sidi kuliko ripoti. Mara mbili mwezi wa Machi, na mara moja tena mwezi wa Aprili, Daktari mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono akagusa kitufe kile kile akitafuta mwanga, picha ikapinduka, naye akacheka kidogo akasema astaghfirullahi. Ilikuwa bahati tu kwamba hakukuwa na chombo ndani ya jicho. Sidi alimtazama kwa muda mrefu, naye hakuinua uso.

Barua alipewa Jumatatu. Alihamishwa thieta na kupelekwa dirisha la usajili, mpaka atakapofundishwa upya. Kufundishwa upya na nani, barua haikusema.

Dirishani alikaa akiandika majina ya watu, umri wao, na mtaa wanakotoka. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kelele. Aliibeba asubuhi akishuka Feri kutoka Likoni na aliibeba jioni akirudi, na watu waliokuwa wakimwamkia njiani walianza kumwamkia kwa kifupi. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba kidole kilikuwa chake. Hakutaka kukikana. Alitaka tu mtu mmoja akubali kwamba kidole kilitegwa.

Wiki ya tatu, Benard alikuja kukaguliwa. Alisimama mbele ya dirisha lake, jicho moja limefunikwa, kadi mkononi, na kwa kuwa siku ile ya upasuaji Sidi alikuwa amevaa barakoa, hakumtambua. Akaanza kusimulia, kama wagonjwa wafanyavyo, kwamba ameambiwa jicho lake lilikuwa gumu kuliko ya watu wengine, ndiyo maana mambo hayakwenda vizuri.

Sidi aliweka kalamu chini.

"Nani alikwambia jicho lako ni gumu?"

Benard akasema aliambiwa wodini, na ofisini tena wakamwambia hivyo hivyo.

"Jicho lako halikuwa gumu," Sidi akasema. "Lilikuwa jicho la kawaida kabisa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekigusa kitufe kilichokuwa si chenyewe."

Alitoka dirishani akamketisha kwenye benchi la ukumbini na kumwambia yote, hatua kwa hatua, hakuacha kitu na hakujipunguzia. Kisha akachukua kadi tupu akaichora nyuma yake: sinia la kioo, vitufe vyake kumi na viwili, na vile viwili vya mashaka. Benard aliisogeza kadi karibu na jicho lake lililobaki, ambalo nalo halikuwa zima sana, akaitazama. Sidi alingoja atukanwe. Alikuwa tayari.

Benard hakutukana. Alisema kwamba kwenye kreni mkono wa kushusha mzigo uko kulia na mkono wa kuzungusha uko kushoto, na kila mmoja una umbo lake, ili hata ukifumba macho kiganja kijue kimeshika nini. "Vingewekwa pamoja hivi," akasema, akigonga kadi kwa kidole, "pale Kilindini tungekuwa tumeshaua watu. Na anayeviweka hivi angefungwa yeye, si dereva."

Akaiomba ile kadi, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya pili aliandika barua kwa mkurugenzi, akisema ameelezwa ukweli wa jicho lake na anataka kusikilizwa na kamati, la sivyo atatafuta wakili. Sidi aliitwa ofisini kuulizwa kwa idhini ya nani alizungumza na mgonjwa. Akajibu kwamba mgonjwa alimuuliza habari ya jicho lake mwenyewe, na kwamba kama hospitali ina muuguzi anayeweza kumtazama mtu usoni na kumwambia uongo ule mara ya tatu, basi wamtafute huyo wamweke dirishani.

Kabla kamati haijaketi tena, kampuni ilimtuma msichana.

Aliitwa Swafia, umri wake miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mji wa Kale. Alikuwa amevaa buibui na viatu vya raba, na begani amebeba mkoba wa kompyuta. Alikuja usajili kuuliza njia ya kwenda thieta, akajieleza kwamba ametumwa kupiga picha za kioo cha mashine kwa ajili ya bango la mafunzo litakalobandikwa ukutani, ili wauguzi wasikosee tena. Alisema hivyo kwa heshima, akimwita Sidi mama.

Sidi alimuuliza kwani yeye na kampuni wanahusiana vipi. Swafia akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba yeye ni mchoraji wa vioo. Huwafanyia kazi kutoka nyumbani, Ndia Kuu. Vitufe vya mashine ile, mpangilio wake na alama zake, alivichora yeye.

Karani aliyekaa naye dirishani alisema baadaye kwamba alidhani Sista atampiga. Sidi alisimama, akafunga daftari la usajili, akamwambia yule binti amfuate.

Thieta ilikuwa tupu adhuhuri hiyo. Metroni alikuwa mlangoni, akafungua mdomo kumkataza, akamtazama Sidi usoni, akaufunga. Sidi alimvisha Swafia gauni la thieta, kofia na barakoa. Akamvalisha glavu. Akawasha mashine, akakifunika kioo kidogo nailoni, kama ifunikwavyo kila siku, mikunjo na yote. Akazima taa za chumba. Kisha akampa trei la vyombo alishike kwa mkono wa kushoto na kumwambia asiondoe macho kwenye televisheni kubwa, kwa sababu daktari yuaweza kutaka chombo wakati wowote.

"Tayari? Haya. Punguza mwanga."

Swafia akanyoosha kidole, akasita, akageuka kukitazama kioo.

"Usitazame huko. Jicho la mtu liko wazi. Punguza mwanga."

Akagusa. Picha ya kitambaa kilichokuwa mezani ikapinduka kwenye televisheni.

"Irudishe," Sidi akasema.

Lile swali likatokea. Swafia akalisoma, akabonyeza, nailoni ikateleza, akabonyeza tena. Sidi alikuwa akihesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja.

Walirudia mara sita. Mara nne Swafia alikosea, naye ndiye aliyekichora. Mara ya sita aliliweka trei chini, akaivuta barakoa, akaketi kwenye kigoda cha daktari. Alisema kwamba hajawahi kuingia thieta maishani mwake. Alikuwa amekichora kioo kile mezani kwake, kwenye kompyuta kubwa, dirisha liko wazi, mchana. Hakuna aliyemwambia habari ya nailoni. Hakuna aliyemwambia taa huzimwa.

"Na wewe hukuuliza?"

"Niliuliza," Swafia akasema. "Niliomba nije nitazame japo siku moja. Naishi hapa hapa, mwendo wa robo saa kwa miguu. Wakanambia madaktari wakubwa wameshahojiwa huko kwao, yatosha."

Akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na maneno chini ya kila kitufe, na kile cha kugeuza picha alikiweka peke yake, kwenye kona, mbali. Wakaurudisha. Walisema maneno yanakichafua kioo, hakitapendeza kwenye picha za maonyesho, na tena yatahitaji kutafsiriwa kila nchi. Walitaka kioo safi. Akakifanya safi. Na lile swali la kurudisha picha lilitiwa na wahandisi, kwa ajili ya wanaopasua nyuma ya jicho, ambako kuirudisha picha kwa bahati mbaya ndiko hatari. Hakuna aliyefikiria upasuaji wa aina nyingine.

Sidi alimsikiliza akiwa amesimama. Alikuwa ameingia chumba hicho na hasira ya wiki nne, ameipata shabaha yake imekaa kwenye kigoda, na sasa shabaha yenyewe ilikuwa inalia. Haikumfurahisha. Alimwambia aache kulia, kwa sababu machozi hayamrudishii Benard kifuko cha lenzi. Akamuuliza kama kuna mahali mashine inapoandika kila inapoguswa.

Swafia akapangusa uso. Akasema pako. Mashine hukumbuka kila mguso na saa yake, na kila wiki huzituma kumbukumbu hizo kwa kampuni. Yeye ana ruhusa ya kuzisoma, maana ndizo anazotumia kurekebisha michoro. Hakuwa amezisoma za hospitali hii. Hakuna aliyemwambia azisome.

"Zisome," Sidi akasema.

Kamati iliketi mara ya pili Jumatano iliyofuata. Safari hii Benard alikuwepo, shati limepigwa pasi, jicho limefunikwa, na kwa sababu ya barua yake palikuwepo pia mtu wa sheria wa hospitali, aliyekuwa akiandika kila neno. Bramwel alileta bango la mafunzo lililokamilika, la rangi, akaliegemeza ukutani. Alianza kulieleza. Benard alimkatiza, akaitoa kadi ya Sidi mfukoni, akaikunjua mezani na kuuliza swali moja tu: ni nani aliyeamua vitufe hivi vikae pamoja, na yuko wapi leo.

Bramwel akasema ubunifu ni kazi ya timu.

"Ni mimi," Swafia akasema kutoka kiti cha nyuma.

Alisimama. Alisema kwamba tangu Januari mashine hiyo imetumika kwa upasuaji mia mbili na kumi wa mtoto wa jicho, ambao hauhitaji picha kugeuzwa hata mara moja. Katika upasuaji huo kitufe cha kugeuza picha kimeguswa mara sitini na saba, na kila mara picha imerudishwa papo hapo, kabla ya nusu dakika kwisha. Maana yake ni makosa sitini na saba. Yamefanywa na wauguzi wote watano na madaktari wote wawili. Moja tu kati yake lilimpata mtu chombo kikiwa ndani ya jicho.

Bramwel alimkatiza kwamba kumbukumbu hizo ni mali ya kampuni, na kwamba hana idhini ya kuzitaja mbele ya watu. Mtu wa sheria aliinua kichwa, akamuuliza kama anazikanusha. Bramwel hakuzikanusha. Akasema zinahitaji kuelezwa katika muktadha wake.

Sidi akaomba nafasi. Hakupaza sauti, wote waliokuwepo walikubaliana juu ya hilo, hata wale waliosema baadaye kwamba alivuka mpaka.

"Mara sitini na saba," akasema. "Sisi saba, madaktari na wauguzi, tumeanguka kwenye shimo moja mara sitini na saba, na ripoti yenu inasema tatizo ni miguu yetu. Nilikwambia Januari, Bwana Bramwel. Ukatabasamu. Kidole ni changu, na nitalijibia hilo kwa Benard mpaka nife. Lakini aliyelichimba shimo na aliyekataa kulifukia hawajaitwa hata kuulizwa majina."

Daktari Abdulghafur akavua miwani yake. Alisema kati ya makosa hayo sitini na saba, tisa huenda ni yake, labda kumi. Alisema alipaswa kuyasema haya kikao cha kwanza, na kwamba alinyamaza kwa sababu ndiye aliyeishauri hospitali iichukue mashine hiyo, na aliona haya. Akamgeukia Sidi akamwomba radhi mbele ya wote. Sidi aliitikia kwa kichwa. Hakusema nimekusamehe, kwa kuwa wakati huo hakuwa amemsamehe.

Wiki ile ile alirudishwa thieta. Barua ya kumrudisha ilikuwa fupi na haikuwa na neno samahani. Karatasi nyingine, iliyosema pande zote zimeridhika, alikataa kuitia sahihi, na mpaka leo haina sahihi yake. Kampuni iliahidi toleo jipya la kioo baada ya miezi mitatu. Sidi hakungoja. Asubuhi ya kwanza alikata kipande cha kadi ngumu, akakibandika kwa plasta juu ya kitufe cha kugeuza picha, akaandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Mkurugenzi alipopita na wageni alilalamika kwamba kinaharibu sura ya mashine. Sidi akamwambia anaweza kukibandua siku atakayokuja kulala mezani yeye mwenyewe.

Michoro ya toleo jipya ilifanyiwa kazi Ndia Kuu, ghorofani kwa kina Swafia, alasiri za Jumamosi. Sidi alikuwa akitoka Marikiti na kikapu chake, akipanda ngazi, nao wakiketi na kioo cha kadibodi cha ukubwa ule ule, kimefunikwa nailoni. Waligombana sana. Swafia alitaka waandike "Mwanga chini", Sidi akasema hakuna mtu mwenye akili anayesema hivyo, daktari husema punguza mwanga, basi kitufe kiseme hivyo hivyo. Waligombana juu ya rangi, kwa sababu nyekundu haionekani vizuri kizani. Waligombana juu ya kitufe cha kugeuza picha, na mwishowe wakakubaliana kifichwe kabisa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho, kisiwepo, mtu asiweze kukigusa hata akitaka. Sidi alimletea wauguzi wengine wawili, wakavaa glavu, wakajaribu wamegeuza nyuso. Walipokosea, Swafia hakusema mkono utazoea. Alifuta akachora upya.

Benard alipasuliwa mara ya pili, na lenzi ikakaa. Anaona. Anasoma gazeti. Lakini kupima umbali kutoka juu kwa macho mawili yasiyolingana hakuwezi tena, na bandarini walimshusha kreni, wakampa kazi ya kukagua nambari za kontena getini. Aliendesha kreni miaka ishirini na mitatu. Alipokuja kukaguliwa mara ya mwisho alimwambia Sidi kwamba kazi ya chini si mbaya, ila ni joto, na kwamba bado hutazama juu kila kontena linapopita.

Mwezi wa Novemba kampuni ilimtuma fundi, kijana mtaratibu aitwaye Kenneth, kuja kutia toleo jipya. Wauguzi walikusanywa thieta. Kioo kiliwaka, na kilikuwa kile cha Ndia Kuu, kitufe kwa kitufe: vikubwa, vimeachana, na chini ya kila kimoja neno la Kiswahili na la Kiingereza. Kenneth alieleza kwamba utafiti wa wataalamu wa kampuni, uliofanywa katika vituo kadhaa, umeonyesha haja ya kukifanya kioo kiwe rahisi zaidi kwa mtumiaji.

Sidi alimuuliza wataalamu hao ni akina nani. Kenneth akasema hana majina.

"Mimi ninayo," Sidi akasema. "Aliyekichora anaitwa Swafia, yuakaa Ndia Kuu. Mwezi wa Septemba mlikataa kumpa mkataba mwingine kwa sababu alisoma nambari zenu mbele ya kamati. Waliokijaribu ni hawa wawili waliosimama nyuma yako. Andika hayo mahali, kisha tuendelee."

Kenneth alisema kwa upole kwamba yeye alitumwa kutia toleo tu, na hayo mengine hayajui. Sidi akamwamini. Akamwomba kalamu, akayaandika majina yote matatu mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mashine, kwa herufi kubwa, akakirudisha kitabu rafuni. Daktari Abdulghafur alikuwa ameshaosha mikono, na mgonjwa wa kwanza, mama mmoja kutoka Kisauni, alikuwa akiletwa na kitanda chake. Sidi akavaa glavu.